Sarafu Hamsini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili alinipa Mfamasia, bosi wangu wa duka la dawa, niandikie saa za dawa za Baba atakaporudi kutoka hospitali. Baba bado hajarudi. Na mimi tayari nina la kuungama, sina wa kumwambia ila karatasi.

Nimeangusha trei.

Niandike vizuri. Nimetoka kazini saa nane, nikaanza kuandaa chumba cha Baba. Daktari alisema kitanda kisogezwe karibu na mlango, vingine vyote vibaki alivyoviacha. Kiharusi kimemchukulia mkono wa kulia na maneno, kwa hiyo akivikuta vitu vyake mahali pake huenda vikamsaidia. Vyote vibaki alivyoviacha! Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Haya, ili kusogeza kitanda ikabidi nisogeze kabati dogo la sarafu. Ili kusogeza kabati nikachomoa trei, nipunguze uzito. Trei ikanitoka. Sarafu za Kirumi, nyingine zina miaka karibu elfu mbili, zikamwagika kwenye saruji kama mahindi. Na feni ilikuwa namba tatu.

Feni ndiyo iliyonimaliza. Trei ina vishimo sitini. Kila sarafu ina kishimo chake, na chini ya kila sarafu Baba ameweka kikaratasi cha mviringo, ameandika kwa kalamu nyembamba: kaisari gani, nyuma kuna picha gani, uzito kiasi gani. Vikaratasi viliruka vyote. Kimoja nimekitoa juu ya fimbo ya pazia.

Na mimi kwa akili zangu nikafanya nini? Nikazirudisha kwa ukubwa. Kubwa mbele, ndogo nyuma, kama sufuria rafuni. Nikasimama nikajisifu. Halafu nikaona vikaratasi vimejaa mkononi, na nikakaa chini.

Baba alikuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja. Herufi za risasi, moja moja, kwa vidole. Kwake kitu kikiwa si mahali pake, ukurasa mzima ni takataka. Na mimi nimemvurugia ukurasa.

Nimehesabu sarafu: 59. Mara tatu nimehesabu. Nimefagia chini ya kitanda: msumari, vidonge viwili alivyoniapia kuwa amevimeza, na kigurudumu cha shaba chenye meno, nadhani ni cha ile saa yake ya mezani iliyokufa. Nimekitia kwenye kopo la vifungo. Sarafu ya sitini hakuna.

Anarudi tarehe 22.

Jumanne, 4 Machi

Baba leo amekaa kitini robo saa bila kuegemezwa! Nesi alinipa habari kama anayenipa zawadi, na ilikuwa zawadi. Asante, asante.

Neno ni lile lile moja. Umelala vizuri? "Haya." Unaumwa? "Haya." Mimi ni nani, Baba? Akanitazama muda mrefu. "Haya." Daktari amenikemea taratibu: tusimfanyie mtihani. Anaweza kuwa anajua mengi na hana njia ya kuyatoa. Anaweza pia kuwa hajui. Bado hawawezi kusema.

Nimempigia Kaka, yuko safarini na lori. Kaka yangu ana moyo mweupe na mdomo usio na breki. Nilipomweleza ya trei akasema nitie sarafu vyovyote nifunge. Nikasema Baba ataona. Akasema, "Mdogo wangu, mzee hajui hata jina lako. Atajua sarafu?"

Akaomba radhi papo hapo. Lakini akashauri trei niifungie stoo kabisa, ili Baba asije akakaa mbele ya vitu vyake mwenyewe kama mgeni. Itakuwa aibu kwake, na kwetu itakuwa maumivu.

Huenda ana haki. Ndiyo maana sikulala vizuri mchana. Ila nimeamua: zitarudi, kila moja mahali pake. Kama Baba bado yumo ndani mle, na akute ukurasa wake uko sawa.

Jumatano, 5 Machi

Mfamasia ameniazima mizani ya kupimia dawa za unga! Nilimsimulia yote. Hakucheka — alicheka nilipogeuka, nilimwona kwenye kioo cha kabati.

Mizani inapima mpaka sehemu ya mia ya gramu, na vikaratasi navyo vimeandikwa hivyo hivyo: 3.21, 1.64, 2.40. Mungu ambariki mtu anayeandika uzito. Na nyuma ya kila kikaratasi kuna namba ya penseli, namba ya kishimo. Kwa hiyo kila kikaratasi najua kinakaa wapi. Nisichojua ni sarafu gani inakaa juu yake.

Vikaratasi ni sitini kamili. Sarafu ni 59. Sitaki kulifikiria hilo leo.

Nimeanza na kubwa kuliko zote, maana kupanda ngazi ni kuanza na kidato kimoja. Gramu 24.60. Kikaratasi: "Hadriano. Ndevu." Nikageuza — ndevu! Kishimo cha 11. Nikapiga makofi peke yangu jikoni.

Kisha nikaziangalia zilizobaki. Nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kahawia, zimelika. Vikaratasi kumi na tatu vimeandikwa "askari wawili". Kumi na tatu!

Ijumaa, 7 Machi

Dhambi ya pili. Kulikuwa na sarafu moja nyeusi mno, haisomeki. Nikaisugua kwa dawa ya meno na mswaki wa zamani. Ikatoka inang'aa kama kijiko kipya — na kaisari hana pua, hana macho, hana herufi hata moja.

Hapo hapo Fundi Saa akabisha hodi.

Fundi Saa ni rafiki wa Baba wa miaka arobaini. Ana sabini na sita, duka lake la saa alishalifunga, lakini kile kilenzi cha jicho hajakivua, anakibeba kwenye paji la uso kama pembe. Yeye naye anakusanya sarafu hizi. Zinawafikia kwa posta, kwenye bahasha ndogo, zikiwa na udongo bado. Wawili tu mji mzima, na wanagombana kana kwamba wako mia.

Alikuja kuuliza hali ya Baba. Akaona mswaki. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Akaniambia ule ukijani ndio ngozi ya sarafu, imeota miaka elfu na mia saba, na mimi nimeichuna kwa dakika mbili. Sarafu haioshwi. Haisuguliwi. Hata jasho la mkono ni adui. Nilitamani sakafu ipasuke.

Halafu akaanza kutafuta kilenzi chake. Mfuko wa shati, mfuko wa koti, chini ya kiti. Nikamwonyesha paji la uso wake. Tulicheka mpaka akakohoa.

Nikamweleza yote: trei, feni, tarehe 22. Hakunilaumu zaidi. Alishusha kilenzi jichoni, akaniambia nisogeze taa. "Tunaanza na ndevu, mwanangu," alisema. Sijui ningefanya nini bila yeye. Kweli sijui.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzima na Fundi Saa mezani. Nimejifunza haya, nayaandika nisiyasahau:

Makaisari wa mwanzo hawana ndevu. Hadriano akafuga, wengine wakaiga. Mwenye taji la miali kama jua ni wa kundi la katikati. Mwenye shanga kichwani ni wa mwishoni. Askari wawili wakiwa na bendera mbili katikati yao, sarafu ni ya mapema kidogo na nzito zaidi. Bendera moja, ni ya baadaye, nyepesi. Nilidhani zimeharibika. Kumbe wenyewe walikuwa wakipunguza shaba mwaka hadi mwaka, wajanja wale.

Chini kabisa ya picha kuna herufi mbili tatu, za mji ilikogongwa. Fundi Saa anasema ndizo zinazowashinda watu wengi. Mimi nimesoma mwandiko wa madaktari miaka kumi na tisa. Kilatini kilicholika hakinitishi. Nilisoma nne mfululizo, akavua kilenzi akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

Kipenzi changu: jike la mbwa mwitu linanyonyesha watoto wawili wa watu. Limegeuza shingo linawaangalia. Sarafu yenyewe ni ndogo kama kifungo cha shati, na lile jicho la huruma linaonekana.

Nimeishi na trei hii maisha yangu yote. Nilikuwa naiita "vyuma vya Baba". Sikuwahi kumwomba anionyeshe hata moja.

Tumefika 22.

Jumatano, 12 Machi

31. Haba na haba. Macho yanawasha. Hospitali: amekunywa supu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nusu imeishia kifuani, nusu imeingia. Nashukuru kwa nusu zote mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Saa alisema atakuja Jumamosi. Amekuja leo. Nikamwambia leo Alhamisi, Fundi. Akasema anajua, alipita tu — na akatoa kofia akakaa mpaka saa kumi na moja. Sijalalamika.

Leo ni habari ya mabibi wawili. Kishimo cha 23 na cha 24: Faustina mama na Faustina binti. Wote wake wa makaisari, jina moja, uso wa aina moja, na sarafu zote mbili ni fedha, uzito sawa kabisa hata kwa mizani. Neno la kwanza la maandishi yanayozunguka uso, ambalo lingetuambia, limelika kwenye zote mbili. Baba na Fundi Saa wamegombania sarafu hizi mbili miaka tisa. Hii Baba anasema mama, Fundi anasema binti, na ile kinyume chake. Miaka tisa!

Nikawaambia — nikamwambia, maana ni mmoja tu aliyekuwepo — tazameni nywele. Mama amefunga kitita juu ya utosi. Binti amekifunga nyuma, shingoni. Mwanamke yeyote angeona. Fundi Saa akasema ndivyo anavyosema yeye siku zote, lakini utosi huu umelika, na kile Baba anachokiona shingoni ni pigo la nyundo tu. Akanionyesha. Akanionyesha tena. Mwishowe nikakiona kitita utosini, au nimechoka. Nimeziweka anavyotaka yeye. Kikaratasi cha Baba hakitaji nywele.

Alinichekesha na kisa. Zamani Baba aliazima sarafu moja kwake kwenda kuilinganisha. Wao wana desturi: kishimo hakiachwi kitupu, anayeazima huacha kitu chake mle, cha kazi yake, mpaka arudishe. Baba akaacha herufi ya risasi, M. Ikakaa kwa Fundi miezi sita! Mke wa Fundi, marehemu, akawa anauliza M ndiye kaisari gani.

41.

Jumamosi, 15 Machi

Sasa najua ni ipi iliyopotea.

Kikaratasi namba 38: "Galieno. Nyuma: paa anatembea, ameelekea kulia. Gramu 2.87." Na chini yake, kwa mkazo, kalamu imekaribia kutoboa karatasi: "Si ya kubadilishana."

Hakuna sarafu yenye paa. Nimezipitia zote kwa lenzi. Mbwa mwitu, simba mmoja, tai, jogoo aliyelika nusu. Paa hakuna.

Fundi Saa alipoona kikaratasi uso ulibadilika. Ile ndiyo sarafu Baba anayoipenda kuliko zote, akasema. Alimwomba ambadilishie, miaka mitatu, akakataliwa. Akasema paa yule ana miguu myembamba kiasi kwamba hujui fundi aliichongaje kwenye chuma. Akaniuliza nimefagia wapi, takataka nimetupa wapi, kwa nini nilivuta trei kwa mkono mmoja. "Chuma hakina miguu, mwanangu," akasema. "Mtu asiye makini ndiye anayekipa miguu." Yalinichoma. Lakini ni kweli, na hajafika hapa siku zote hizi ili anibembeleze.

Nimefungua godoro. Nimeng'oa ubao wa chini wa kabati. Nimechunguza bomba la bafuni kwa tochi. Nimepapasa mifuko ya koti alilovaa Baba siku alipoanguka, na pale nikalia kidogo, maana lina harufu yake.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Baba alilala tu. Mtaalamu wa viungo alimwinua mkono, ukaanguka. Hata "haya" hakuna. Sikugusa sarafu.

Jumanne, 18 Machi

Amefumbua macho nilipoingia. Nimemsimulia habari za jike la mbwa mwitu, pole pole, bila kumwuliza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema. Nimerudi kazini nikiimba, Mfamasia akauliza nimekunywa nini katika dawa zake.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka amerudi! Ameleta vyuma vya kushikia ukutani, amevifunga chooni na barazani kabla hata ya kuoga. Nimemkuta ameziba tundu za kuchimbia vizuri kuliko mafundi. Nampenda Kaka, hata kama mdomo wake unahitaji leseni.

Jioni mapema akakaa mezani kunitazama nikipima. Zilikuwa zimebaki sarafu mbili na vikaratasi vitatu, kimoja kikiwa cha paa. Mbili hizo zilikuwa zimenishinda siku nne. Uzito unapishana kwa kiasi kidogo mno, herufi zimekufa, nyuma kila moja ina mwanamke amekaa. Kaka akachukua lenzi kwa vile vidole vyake vya spana, akatazama akicheka.

"Huyu mama ana usukani," akasema. "Na hapa chini ya kiti chake, hilo si tairi?"

Nikachungulia. Kikaratasi cha 29: "Mungu-mke wa bahati. Usukani wa chombo. Gurudumu chini ya kiti." Mungu wangu! Siku nne nilikuwa naona mwiko na sahani. Kaka alijivuna mpaka wakati wa kula, anasema Warumi wangemwajiri.

Kisha akawa mpole. Akasema bado anaona tusimwekee Baba trei mbele. Akasema sababu halisi: kabla ya kuondoka na lori alipitia hospitali peke yake, Baba alimwita nesi kwa mkono akamwonyesha yeye kama anayeuliza huyu nani. Hakuniambia. Amekaa nalo siku zote hizi kwenye lori peke yake.

Nikamshika bega. Tumekubaliana: trei itakuwa mezani, imefunguliwa. Hatutamwuliza. Akiipita, tutaifunika kama kitu cha kawaida.

59 ziko mahali pake. 38 ni kikaratasi kitupu.

Jumamosi, 22 Machi

Yuko nyumbani! Yuko nyumbani, yuko nyumbani.

Kaka alimbeba ngazi mbili za barazani kwa mgongo, Baba akimpiga begani kwa mkono wa kushoto kama anayeamuru mnyama. Ameangalia chumba. Ameangalia dirisha. Amelala saa nne mfululizo bila kushtuka. Dawa: saa mbili, saa nane, saa mbili. Hatimaye daftari limefanya kazi yake.

Hajaitazama trei. Amechoka tu. Leo ni kumshukuru Mungu, basi.

Jumapili, 23 Machi

Naandika hapa hapa pembeni ya meza, wao bado wamekaa. Nikingoja baadaye nitatia chumvi.

Fundi Saa alikuja saa nne, kofia mkononi. Waliposalimiana na Baba walishikana mkono wa kushoto, wakaganda hivyo. Nikaleta chai. Trei ilikuwa pale mezani tangu asubuhi. Kaka amesimama mlangoni, anajifanya anakagua bawaba.

Baba aliitazama. Akaitazama muda mrefu, mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Kaka akasogea kidogo, akakohoa, nikajua anakuja kuifunika. Na mimi sikumzuia. Nilikuwa nimekata tamaa, niseme ukweli.

Ndipo Baba alipoinua mkono wa kushoto. Akapitisha kidole juu ya safu ya kwanza, pole pole, jinsi alivyokuwa akikagua mstari kiwandani. Safu ya pili. Kidole kikasimama. Akaichomoa ile niliyoisugua kwa dawa ya meno. Akaigeuza kwenye mwanga. Akanitazama.

"Haya," akasema.

Ni ile ile! Ni sauti ile ile ya siku niliyoleta ripoti ya hesabu darasa la sita! Nikasema nisamehe Baba, huku nacheka, huku machozi yananitoka hovyo. Akairudisha kishimoni akaendelea.

Kishimo cha 23. Cha 24. Akatoa Faustina mmoja, akamweka mezani. Akatoa wa pili. Moja ikamponyoka, Kaka akaruka, Baba akamzuia kwa kiwiko, akaiokota mwenyewe, ilichukua karibu dakika nzima. Kisha akaziweka tena. Amezibadilisha. Mama kwa binti, binti kwa mama, vile alivyosema yeye miaka tisa.

Fundi Saa akaruka kitini. Akasema hapana, hapana, huyo ni mama, kitita kiko utosini hata kipofu anakiona. Baba hakuinua hata macho. "Haya," akasema — na hiyo ilikuwa ya mtu ambaye hana muda wa wajinga. Fundi Saa akaanza kucheka na kujifuta uso kwa kofia. Kaka ametoka barazani. Nilimsikia akipenga kamasi, sauti kama honi ya lori lake.

Yumo. Baba yumo! Kama amekosea kuhusu mabibi wale sijali, na akosee miaka tisa mingine. Ahsante Mungu, ahsante kwa kila kipande cha shaba.

Kisha akafika 38.

Kidole kikaingia ndani ya kishimo kitupu, kikagusa karatasi. Nikaona ni wakati wa kusema kweli. Nikamwambia niliangusha trei, Baba, ni mimi, paa amepotea, nimemtafuta kila mahali. Akatikisa kichwa. Nikaanza upya. Akatikisa tena, kwa nguvu, si haya, hapana. Akainua kidole, akamwonyesha Fundi Saa.

Fundi Saa akageuka kutazama nyuma yake. Nyuma yake kuna ukuta.

"Mimi?"

Kidole hakikushuka. Nami ndipo nikakumbuka kopo la vifungo. Kigurudumu! Na desturi yao nimeiandika mwenyewe humu, tarehe 13, kwa mkono wangu, kama kichekesho! Nikakimbia, nikamwaga vifungo kitandani, nikakipata. Nikakiweka kishimoni juu ya kikaratasi. Baba akakitazama akashusha mkono wake juu ya meza, kama mtu aliyemaliza kazi.

Fundi Saa alishusha kilenzi jichoni. Akakichukua kigurudumu kwa ncha za vidole, akakigeuza upande huu na huu. Muda mrefu. Niliangalia uso wake, nikitafuta hatia, au mzaha. Hakukuwa na hatia. Hakukuwa na kitu.

"Hiki ni changu," akasema. "Cha saa ya mkono ya kike. Nilikitoa mimi." Akapapasa mfuko wa shati. Mfuko wa koti. Mfuko wa shati tena. Kisha akaniuliza, mimi, si Baba, na sauti ilikuwa ndogo:

"Mwanangu, niliichukua lini?"

Sijui. Itakuwa ni kabla Baba hajaanguka, wiki nzima au mbili kabla. Siku zote hizi tumemtafuta paa huyu pamoja, yeye akishika tochi. Kuna methali ya nyani na kundu lake ilitaka kunijia mdomoni, nikaimeza. Mtu huyu amenifundisha kusoma sarafu hamsini na tisa.

Baba amenyoosha mkono mzima, amemshika rafiki yake kifundo cha mkono. Hajamwachia. "Haya," anamwambia. "Haya." Hiyo sijawahi kuisikia. Anaisema pole pole, kama anayemtuliza mtoto, na Fundi Saa anaitikia kwa kichwa.

Anasema atakwenda nyumbani kuitafuta, huwa anaziweka kwenye vichupa, vichupa viko vingi, hajui ni kipi. Kaka amewasha gari. Nimemwambia nitakwenda naye, nitasoma mimi, yeye ashike taa.

Amesimama mlangoni. Anauliza kofia yake iko wapi. Anayo kichwani. Ngoja nimshike mkono.